Kutengeneza gemu za simu na ndugu yako Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya ndugu wawili wanaotaka kutengeneza gemu ya Android wakati wa wikendi na likizo, wakiwa na laptopu ya kawaida na simu walizonazo tayari. Kila inapowezekana tumetaja namba kamili, maana "jaribu tu uone" humaliza bando na subira.

Hatujawahi kuandika msimbo. Tuanzie wapi?

Anzeni na kitu kimoja kinachosogea kwenye skrini ya simu. Menyu, alama na hadithi zitakuja baadaye. Mraba mwekundu unaopanda mkiugusa ni mwanzo mzuri, na mkikaa pamoja Jumamosi mbili mtakuwa mmeufikia. Mnahitaji kuelewa mambo manne tu: thamani inayobadilika (kwa mfano kasi), sharti (ikiwa kidole kimegusa), kurudia kila fremu (kila picha moja skrini inapojichora upya), na kugongana kwa vitu viwili. Gemu nyingi ndogo ni mambo hayo manne yaliyopangwa vizuri.

Tutumie injini gani?

Injini ni programu ya kujengea gemu. Kwa wanaoanza tunapendekeza Godot. Ni ya bure kabisa, haina ada wala mgawo wa mapato, na hufunguka hata kwenye laptopu ya zamani. Lugha yake, GDScript, ina maneno machache ya Kiingereza ya kukariri, lakini majina ya vitu vyenu mnaweza kuyaandika kwa Kiswahili: kasi, abiria, nauli. Kwa mtoto wa darasa la saba hilo linasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anasoma mstari na kuujua bila kuutafsiri kichwani.

Unity ni injini nzuri na ina mafunzo mengi, ila ukiongeza sehemu ya Android inakula zaidi ya GB 10 za diski na hulemaza laptopu yenye RAM ya GB 4. Mkiwa na mashine kubwa, hakuna ubaya.

Laptopu ya aina gani inatosha?

RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kati ya hizo mbili, msikubali kukosa SSD: laptopu yenye diski ya zamani inayozunguka itawachelewesha kila mnapofungua mradi. Laptopu zilizotumika, zile ex-UK zinazouzwa maduka ya Moi Avenue na Luthuli, zinafaa kabisa. Kabla ya kulipa, chomoa chaja na uiache iwake kwa dakika 20 ukiangalia asilimia ya betri inavyoshuka, kisha jaribu kila tundu la USB kwa flashi. Tundu la USB lililokufa litawatesa siku ya kuunganisha simu. Na kama betri ni mbovu, stima ikipotea kazi ambayo haijahifadhiwa imekwenda. Bonyezeni Ctrl+S kila baada ya badiliko.

Tutahitaji bando kiasi gani?

Tengeni GB 4 za mwanzo. Godot yenyewe ni ndogo, makumi tu ya MB. Violezo vyake vya kutolea gemu (export templates) ni karibu GB 1. Baada ya hapo kuna OpenJDK 17 (vifaa vya Java vinavyohitajika kutolea gemu ya Android) na vifaa vya Android vyenyewe, yaani Android SDK. Siku mtakapotoa faili la Play Store kwa mara ya kwanza, Godot itapakua mafaili mengine kimyakimya. Bando likiisha katikati, mtaona ujumbe mrefu wa makosa unaoonekana kama tatizo la msimbo, kumbe ni intaneti. Bando likiwa ghali, nendeni saiba na flashi ya GB 8, pakueni yote mara moja, mje mweke kwenye laptopu zote mbili.

Hatuna laptopu hata moja. Je?

Godot ina toleo la Android linalopatikana Play Store. Kwenye tableti ya inchi 10 yenye kibodi ya Bluetooth mnaweza kujifunza vizuri. Kwenye simu inawezekana, lakini vitufe ni vidogo na macho yanachoka haraka. Tumieni kwa kujifunza, msianzishe mradi mkubwa humo.

Gemu ya kwanza iwe ipi?

Iwe ya kidole kimoja, skrini moja, na raundi isiyozidi dakika moja. Msiguse gemu ya mtandaoni ya watu wengi wala dunia kubwa ya 3D. Huko ndiko miradi ya ndugu hufia.

Huu hapa mfano tunaoupenda, kwa sababu kila mtu Nairobi anaujua kabla hujamweleza: matatu inapanda Thika Road. Ukishikilia kidole inaongeza kasi, ukiachia inafunga breki. Lazima isimame mlango ukiwa ndani ya steji, abiria wapande, iendelee. Hatua tano: Ngara, Pangani, Allsops, Roysambu, Githurai. Msitumie jina wala rangi za sacco halisi; buni zenu.

Chukueni skrini ya pikseli 720 kwa 1280, simu ikiwa wima. Moyo wa gemu nzima ni mistari hii:

var kasi = 0.0

func _process(delta):
    if Input.is_action_pressed("gusa"):
        kasi = min(kasi + 300 * delta, 600)
    else:
        kasi = max(kasi - 900 * delta, 0)
    position.y -= kasi * delta

Delta ni muda, kwa sekunde, uliopita tangu fremu iliyotangulia. Jina "gusa" mnaliweka wenyewe kwenye orodha ya vitendo ya mradi (Input Map), mkiliunganisha na kitufe cha kushoto cha mausi. Godot huhesabu mguso wa kidole kama mausi, kwa hiyo msimbo uleule unafanya kazi kwenye laptopu na kwenye simu.

Sasa angalieni namba. Kasi ya juu ni pikseli 600 kwa sekunde na breki ni 900, kwa hiyo matatu inahitaji pikseli 200 kusimama. Kamera ikiifuata matatu, nayo ikiwa imekaa pikseli 300 kutoka chini ya skrini, steji inaonekana ikiwa mbali kwa pikseli 980, yaani mchezaji ana sekunde 1.6 hivi tangu aione hadi aifikie. Steji yenye urefu wa pikseli 160 itakuwa ngumu lakini ya haki. Mama akijaribu na kila mara anapitiliza, msirefushe steji kwanza. Pandisheni breki iwe 1,200, na umbali wa kusimama utashuka hadi pikseli 150. Punguzeni tena kidogo kidogo kwa Roysambu na Githurai. Hivyo ndivyo ugumu unavyojengwa: namba moja inabadilishwa kwa wakati mmoja, kisha mtu ambaye hajawahi kucheza anapewa simu bila maelezo.

Tugawane kazi vipi?

Wengi hugawana hivi: mmoja msimbo, mwingine picha. Ni mgawanyo wa haraka, na una kasoro moja kubwa. Mwenye msimbo anakuwa bosi, mwenye picha anakuwa fundi anayeagizwa, na baada ya wiki tatu huyo wa picha anaacha kuja mezani. Tunashauri mgawane kwa vipande vya gemu. Mmoja amiliki matatu: mwendo wake, sura yake, honi yake. Mwingine amiliki steji: abiria, nauli, alama. Kila mtu anaandika msimbo kidogo na kuchora kidogo, na kila mtu ana kitu cha kuonyesha rafiki zake.

Mahali ambapo vipande viwili vinakutana, andikeni makubaliano kwenye karatasi kabla ya kuanza. Mfano: "Matatu ikisimama itatuma ishara inayoitwa imesimama. Steji itaisikiliza na kuhesabu abiria." Sentensi mbili hizo zinaokoa jioni nzima ya kulaumiana.

Kama kuna tofauti kubwa ya umri, kifungua mimba asishike kibodi kila mara jambo linapokuwa gumu. Aeleze kwa mdomo, mdogo wake aandike. Inachelewesha mwanzoni, lakini baada ya mwezi mnakuwa watengenezaji wawili. Ukimnyang'anya kibodi, unabaki na mtengenezaji mmoja na mtazamaji.

Tuna laptopu moja tu.

Kaeni pamoja, mmoja akiandika na mwingine akisoma kila mstari na kutafuta makosa, na mbadilishane kila dakika 25 kwa kengele ya simu. Kengele ikilia katikati ya sentensi, kibodi inahama hivyohivyo. Anayesubiri zamu anaweza pia kuchora kwenye karatasi ya mraba ya hesabu: miraba 32 kwa 32 ni picha kamili ya pikseli, ikishapakwa rangi inanakiliwa kwenye kompyuta kwa dakika chache.

Tuna laptopu mbili. Tushiriki mradi mmoja vipi?

Tumieni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, pamoja na hifadhi ya siri kwenye tovuti ya GitHub, ambayo ni bure. Kutuma mabadiliko ya msimbo kunakula KB chache tu, kwa hiyo hata bando la siku linatosha. Kuweni na desturi mbili: vuta (pull) kabla ya kuanza, tuma (push) kabla ya kulala.

Folda ya .godot isiingie kwenye Git. Iandikeni ndani ya .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git isiviguse, tangu siku ya kwanza, maana kila laptopu hujitengenezea yake. Mafaili yanayoishia na .import yaingie.

Kinachovunja mradi mara nyingi ni ndugu wawili kufungua sini moja (scene, yaani kipande cha gemu kilichohifadhiwa peke yake) kwa wakati mmoja. Faili la sini, lile linaloishia na .tscn, ni maandishi, lakini wote wawili mkisogeza vitu humo Git haitajua ichukue ya nani, na kulirekebisha kwa mkono ni kazi ya uchungu. Kwa hiyo matatu iwe na sini yake, steji yake, abiria yake, na barabara iziite zote. Sini ya barabara aiguse mtu mmoja kwa siku, na aseme kwa WhatsApp kabla ya kuifungua.

Msitumiane mradi kwa zipu yenye jina "gemu_mpya_final2". Siku moja mtafungua ile ya zamani na kufuta kazi ya wiki.

Tunaiwekaje gemu kwenye simu?

Fanyeni hivyo wiki ya kwanza, hata gemu ikiwa mraba tu. Kwenye simu fungueni mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, mguse namba ya toleo, ile inayoandikwa Build number, mara 7. Menyu ya wasanidi itatokea; washeni humo USB debugging. Baadhi ya simu, hasa za Xiaomi, zinataka muwashe pia ruhusa ya kusakinisha kupitia USB. Chomekeni kebo, simu itauliza kama mnaiamini kompyuta hiyo, kubalini.

Upande wa Godot, elekezeni mipangilio ya kihariri kwenye OpenJDK 17 na folda ya Android SDK, wekeni violezo vya kutolea, ongezeni Android kwenye orodha ya matoleo na mkubali kuingiza picha za ETC2 na ASTC (namna za kubana picha kwa ajili ya simu) inapowaambia. Hapo alama ya kuendesha kwenye simu itaonekana juu kulia.

Isipoonekana, shukuni kebo kwanza. Kebo nyingi za bei ya chini zinazouzwa barabarani zina nyaya za kuchaji peke yake, hazipitishi data. Simu itachaji, na kompyuta haitaiona kamwe.

Dada yangu akisakinisha toleo lake juu ya langu, simu inakataa. Kwa nini?

Kila laptopu hujitengenezea ufunguo wake wa majaribio, faili liitwalo debug.keystore, na Android haikubali gemu ileile iliyotiwa sahihi na ufunguo mwingine. Nakilini faili la laptopu moja kwenye ile nyingine, muielekeze Godot hapo. Kuifuta gemu na kuisakinisha upya pia kunafanya kazi, lakini alama zote zilizohifadhiwa zinapotea.

Kwenye laptopu inacheza vizuri, kwenye simu inaharibika. Shida ni nini?

Hili ndilo swali linalokuja kuliko yote, na karibu kila mara jibu ni mojawapo ya haya.

Picha au sauti haipatikani: Windows haijali herufi kubwa na ndogo, simu inajali. Faili likiwa Matatu.png na msimbo ukisema matatu.png, laptopu inasamehe, simu haisamehe. Andikeni majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Alama hazihifadhiki: mmeandika kwenye res://, yaani folda ya mradi, ambayo kwenye simu ni ya kusomwa tu. Hifadhini kwenye user://, folda ya data ya mchezaji.

Gemu inakimbia mno kwenye simu ya binamu: mmesahau delta. Ukisogeza pikseli 10 kila fremu, skrini ya hertz 60 inatoa pikseli 600 kwa sekunde, na ya hertz 120 inatoa 1,200. Zidisheni kila mwendo kwa delta.

Inakwama au kujifunga kwenye simu yenye RAM ya GB 2: angalieni ukubwa wa picha. Picha ya 2048 kwa 2048 inachukua karibu MB 16 za kumbukumbu ikifunguliwa, hata kama faili lake la PNG ni KB 300. Picha kumi za namna hiyo tayari ni MB 160. Mandhari ya nyuma ya matatu haihitaji kuzidi upana wa skrini.

Skrini nyeusi kwenye simu ya zamani: badilisheni mfumo wa kuchora uwe Compatibility. Huo hutumia OpenGL ES 3.0, na kwa gemu ya 2D hamtapoteza chochote cha maana.

Picha za pikseli zina ukungu: wekeni kichujio cha picha cha mradi kiwe Nearest.

Vitufe havishikiki: kitufe kisipungue milimita 9 kwa upana, na msikiweke juu kabisa ambapo kamera inachimba skrini. Pia skrini za simu hutofautiana ukubwa, kwa hiyo wekeni unyooshaji wa skrini kuwa canvas_items.

Jaribuni kila toleo kwenye simu dhaifu kuliko zote nyumbani. Ikicheza kwenye itel ya shangazi, itacheza kwa wengi.

Picha na sauti tunatoa wapi?

Kuchora: Krita, LibreSprite au Pixelorama, zote bure. Mkichukua za mtandaoni, someni leseni. CC0 inaruhusu kila kitu. Tovuti ya Kenney ina maelfu za aina hiyo. CC BY inataka mtaje mwenye kazi ndani ya gemu. Yenye alama NC hairuhusu biashara, na gemu yenye matangazo inaweza kuhesabiwa biashara.

Sauti mnaweza kurekodi wenyewe kwa simu, na hapa Nairobi ni hazina tupu: sarafu zikigongana, mlango wa matatu, kondakta akipiga bodi kofi mbili. Rekodini sauti ya mdomo mkiwa mmejifunika blanketi, mwangwi wa chumba unapungua. Safisheni kwa programu ya Audacity. Sauti fupi ziwe WAV, muziki uwe OGG: dakika moja ya WAV ya stereo ni kama MB 10, OGG ni kama MB 1. Wimbo wa redioni, hata sekunde tano, usiuweke bila ruhusa.

Tunaweza kuitoa kwa iPhone pia?

Mtahitaji kompyuta ya Mac na dola 99 kila mwaka. Kwa gemu ya kwanza, achaneni nayo.

Kuiweka Play Store kunahitaji nini?

Mwenye akaunti awe na miaka 18 au zaidi. Kama wote ni wadogo, mzazi ndiye afungue, kwa kitambulisho chake. Ada ni dola 25 mara moja tu. Kwa shilingi 130 kwa dola ni kama shilingi 3,250.

Akaunti za kibinafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zina sharti la majaribio: watu wasiopungua 12 wabaki wamejiunga kwa siku 14 mfululizo. Tafuteni 18, maana wapo watakaojitoa siku ya nane bila kusema. Kila mmoja awe na akaunti ya Google na simu ya Android. Kundi la familia la WhatsApp linasaidia hapa, ila waambieni wazi wasiifute gemu hadi muwaarifu.

Faili la kupakia ni AAB, siyo APK (faili linalosakinishwa moja kwa moja kwenye simu). Namba ya toleo iongezeke kila mnapopakia. Jina la kifurushi, mfano ke.matatu.steji, halibadiliki tena milele baada ya kuchapishwa, kwa hiyo msiandike majina ya mzaha. Ufunguo wa kutolea na nywila yake wekeni nakala sehemu mbili, moja ikiwa nje ya laptopu.

Kama hamtaki gharama hiyo sasa, itch.io, tovuti ya kuchapishia gemu, inapokea APK bure. Au itumeni kwa WhatsApp kama dokumenti. Chagueni usanifu wa biti 32 na 64 wote wawili wakati wa kutoa, kwa kuwa simu kadhaa za bei nafuu bado zinatumia biti 32. Mpokeaji ataonywa na simu, na itabidi aruhusu kusakinisha kutoka nje ya duka.

Tutapata pesa?

Ichukulieni kama burudani. Matangazo ya AdMob, huduma ya matangazo ya Google, hayalipi hadi mfikishe dola 100, na yakifika dola 10 Google hutuma namba ya uthibitisho kwa posta, kwa hiyo andikeni S.L.P. ambayo mtu huenda kuifungua kweli. Mkianza kupata mapato, anwani kamili ya mwenye akaunti inaonyeshwa Play Store. Mzazi ajue hilo mapema.

Hata kama ni shilingi sufuri leo, andikeni ukurasa mmoja: mgao ni nusu kwa nusu au vipi, nani anashika ufunguo, na mmoja akiacha, mwingine anaruhusiwa kuendelea au la. Wekeni sahihi, mpige picha. Ni rahisi kukubaliana kabla ya pesa kuja.

Mmoja wetu amepoteza hamu. Tufanye nini?

Kwanza mwulizeni amekwama wapi. Mara nyingi hamu haijaisha. Kuna kosa moja lililomshinda na anaona haya kusema. Kaeni nalo pamoja saa moja. Kama kweli amechoka, kateni gemu: matatu yenye steji mbili iliyokamilika, yenye sauti na skrini ya mwisho, ni gemu. Hatua za Allsops hadi Githurai zinaweza kuja likizo ya Agosti.

Tumemaliza ya kwanza. Sasa?

Jaribuni shindano la muda mfupi. Global Game Jam hufanyika kila mwisho wa Januari, na itch.io ina mashindano karibu kila wiki, mengi ya saa 48 hadi siku tisa. Kwa saa 48, maamuzi yote ya gemu yafanywe saa mbili za kwanza, toleo la kwanza liwe kwenye simu kabla ya kulala usiku wa kwanza, na saa tatu za mwisho zisiongezwe kitu kipya: ni za kutoa faili, kuandika maelezo na kupakia, maana intaneti hupenda kusumbua saa hiyohiyo.